Makaa Yasiyo na Moshi

Bukavu, 26 Novemba 2023

Mdogo wangu Séraphine,

Nakusalimu wewe, binti yako Gaëlle, na mjukuu wetu Emmanuella ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Sisi huku tunalala na tunaamka, hatuna la kumlalamikia Mungu. Mke wangu Maombi anasumbuliwa na goti, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mvua za mwaka huu zimekuja na hasira. Njia ya kwenda kanisani imekatika mara mbili, na mara zote mbili padri alisema ni kwa ajili ya dhambi za wale wanaochelewa misa.

Gaëlle ananiletea habari kwamba siku hizi hakuna mtu anayeandika barua. Mwambie mjomba wake amesikia, ingawa hasikii. Tangu dawa za malaria zilipoyaua masikio yangu, simu kwangu imebaki kuwa saa. Na ujumbe ukiingia, wajukuu wanausoma kabla yangu. Mambo ya ukoo hayapiti mikononi mwa watoto. Barua hii anaibeba Padri Paskali anayekwenda Ubelgiji, ataitia posta akifika.

Sasa neno lenyewe. Mama mdogo Dancille ametuma mtu. Amezeeka, chumba anachopanga kule Kadutu kimepasuka ukuta kwa mvua, na hana mtu. Anaomba arudi mlimani kwetu, Kabare, apewe pembe ya uwanja kwenye ardhi ya ukoo ili afie hapo.

Hujasahau kwa nini aliondoka. Mwaka 1979 wazazi walikwenda msibani wakamwacha atutunze. Wadogo zetu Arsène na Thierry walikula maharage aliyoyapika yeye, wakalala, hawakuamka. Mmoja alikuwa na miaka saba, mwingine minne. Watu wote wakasema ni karuho, sumu ile ya kulishwa, kwamba yeye hakuzaa na aliwaonea wivu watoto wa dada yake. Baba alimfukuza siku ile ile.

Mkutano wa ukoo utakaa baada ya Pasaka. Mimi kama mkubwa nimekwisha kusema hapana. Lakini wewe ni wa pili wangu, na watu watauliza Séraphine anasemaje. Niandikie neno lako, liwe fupi na liwe wazi.

Kaka yako,
Anastase


Husby, 21 Januari 2024

Yaya Anastase,

Pokea salamu zetu, kaka yangu, na heri ya mwaka mpya uliokwisha kuzeeka kidogo. Msalimie wifi Maombi na goti lake. Gaëlle yuko, anafanya kazi hospitalini kwa zamu, na Emmanuella ameanza shule. Ninamsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, tunaelewana kama majirani wawili wanaoongea kupitia ua.

Barua yako ilinifikia mapema Desemba. Sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Halafu sikujibu kwa sababu nilikuwa kitandani hospitalini. Usishtuke. Mimi ni mzima, na mtoto ni mzima, ninamshukuru Mungu na ninamshukuru mtu mmoja anayeitwa Owuor, Mkenya wa Kisumu, dereva wa basi, jirani yangu mlango kwa mlango. Kaa nikusimulie, usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwaka. Nje baridi ilikuwa digrii kumi na saba chini ya sifuri. Shule zilikuwa zimefungwa, Gaëlle alikuwa kazini, mimi nilikuwa na siku yangu ya mapumziko kutoka hemtjänst, ile kazi yangu ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Saa tatu asubuhi umeme ukakatika mtaa mzima. Huku umeme ukikatika, yaya, kila kitu kinakatika nao. Vyuma vya ukutani vinavyopasha nyumba vinapoa, lifti inalala, jiko linakuwa meza. Mke wa Owuor alikuwa amepika mapema, akatuletea chapati na maharage kwenye bakuli. Tukala. Kufikia saa sita mchana Emmanuella alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba na pua yake nyekundu.

Mimi ni mtoto wa Kabare, nikasema baridi hii hainishindi. Stoo nilikuwa na bati la makaa lililobaki kiangazi. Wanaliuza madukani, unaliwasha bustanini, unachoma nyama, unalitupa. Nililiwasha kwenye baraza ya nje, nikasubiri kwa subira mpaka makaa yakawa mekundu na moshi ukaisha kabisa. Ndivyo ulivyotufundisha wewe, kwamba kinachoua ni moshi, na makaa yakishakuwa mekundu ni rafiki wa mtu. Nikaliingiza sebuleni juu ya sinia. Nikaziba chini ya mlango kwa taulo ili joto lisikimbie. Tukakaa vizuri sana. Nilimwimbia hata nyimbo za mama.

Baada ya saa moja hivi kichwa kikaanza kunigonga. Emmanuella akasema, "Mormor, jag mår illa," ndiyo kusema, bibi, ninasikia vibaya, kisha akatapika. Nilitaka kusimama, magoti yakakataa. Sasa sikiliza nilichofikiri, na ninakuandikia kwa aibu. Nilifikiri: chapati. Nilijiuliza, hawa Wajaluo wametulisha nini? Nimewakosea nini? Miaka kumi na moja nimeishi na watu wale, tumepeana chumvi, tumeshikiana watoto, na dakika moja ilitosha kuwafanya wachawi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Owuor, ameleta chupa ya maji moto aliyoyapata kituo cha mabasi. Sikufungua. Moyoni nilisema amekuja kutazama kama kazi yake imekwisha. Akagonga tena, akaita, "Mama Gaëlle, mbona mtoto analia hivyo? Fungua tu." Kama Emmanuella hangekuwa analia, yaya, ningekaa kimya mpaka mwisho. Nilitambaa nikafungua kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumbeba mtoto.

Alitazama lile bati mara moja tu. "Mama, hiyo makaa ndani, na umeziba kila mahali? Hiyo ni kifo." Alifungua madirisha yote, akambeba mtoto ngazi za ghorofa sita, akarudi kunibeba mimi, na unajua mimi si mzigo mdogo. Ambulensi ikaja. Tulivishwa vibarakoa vya oksijeni, tukalazwa siku mbili.

Kule hospitalini nilimwambia nesi kwamba tumelishwa sumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana, hakuna aliyewalisha kitu. Ni makaa. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa mbaya ambayo huioni wala huinusi. Kwanza kichwa kinauma, halafu unatapika, halafu unalala, na aliyelala haamki. Wadogo wanakwenda upesi kuliko wakubwa. Nililia sana, na yule nesi alidhani ninalia kwa hofu.

Yaya, ninakuuliza, na hili ndilo neno langu kwa sasa. Usiku ule wa 1979 mvua ilinyesha na palikuwa na baridi. Je, chumbani kwa Arsène na Thierry palikuwa na mbabula, lile jiko la makaa?

Mdogo wako,
Séraphine


Bukavu, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Séraphine,

Tumesoma barua yako tukapiga magoti, hata Maombi na goti lake. Tulitoa misa ya shukrani. Jina la Owuor lilisomwa kanisani, ingawa padri alilitamka vibaya na watu wakadhani ni Mwarabu. Mwambie huyo ndugu kwamba ana nyumba Bukavu. Akifika hapa hatalala hotelini wala hatakula chakula cha kununua.

Habari nyingine ni nzuri. Shule niliyofundisha miaka thelathini imenialika kwenye sherehe, wakanipa cheti na kiti cha mbele ambapo sikusikia hotuba hata moja. Ilikuwa sherehe tamu kuliko zote nilizowahi kuhudhuria. Sambaza, wale samaki wadogo, ni wengi ziwani. Mtoto wa jirani amefaulu mtihani. Nyumba yetu ya mlimani imepakwa chokaa upya, na nimeweka mlango mwingine kwenye chumba kile, pale palipokuwa na ule wa zamani.

Na ninyi huko, tafadhali, vaeni nguo nzito. Soksi mbili. Kofia hata ndani. Msidharau uji.

Siku hizi silali vizuri. Nimemwambia Maombi mbabula yake iwe inabaki nje, mvua inyeshe isinyeshe, na akapikie huko huko chini ya bati. Amenishangaa, akaniuliza tangu lini mwanamume anapanga mambo ya jikoni. Niliibeba mwenyewe nikaitoa nje.

Mkutano wa ukoo umesogezwa hadi Mei. Nilisema nataka neno lako liwe fupi na wazi, na bado nalingoja.

Kaka yako,
Anastase


Husby, 7 Aprili 2024

Yaya Anastase,

Tunakusalimu sote. Pasaka tuliila vizuri. Theluji iliyeyuka, ikarudi, ikayeyuka tena. Nchi hii haijui kuaga. Emmanuella hakohoi wala hana shida yoyote, daktari amemwangalia mara tatu. Nilikwenda kwa mke wa Owuor nikamwambia yote, hata yale niliyoyawaza juu ya chapati zake. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa chapati zangu zimekuwa sumu? Na vile unazimalizanga?" Kisha akanishika mkono, akasema kwao pia watu wamefukuzwa vijijini kwa mambo kama haya. Sijui nitamshukuru vipi mwanamke huyu. Ninampelekea sombe ya majani ya muhogo kila Jumamosi na anaila mbele yangu, makusudi.

Mwezi uliopita wazima moto walituma mwanamke mmoja kuja kutufundisha kwenye chumba cha mikutano cha jengo. Tulijaa. Alisema umeme ukikatika wakati wa baridi, familia yote ikae chumba kimoja, kile kidogo, mlango ufungwe na mapazia yashushwe. Mtandaze zulia, mjenge hema kwa mablanketi juu ya meza, muingie humo pamoja. Mvae nguo nyingi nyepesi moja juu ya nyingine. Chupa za maji moto kama mnayo, redio ya betri, tochi, mishumaa michache na mtu wa kuilinda. Lakini kitu chochote cha makaa, au jiko la kambini, kisiingie ndani hata kwa dakika moja, hata dirisha likiwa wazi. Nilinyoosha mkono nikasimama, nikawaambia kwa Kiswidi changu kibovu kwamba mimi ndiye niliyefanya hivyo. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa Burundi alisema, "Na mimi nilikuwa nayo tayari, nilikosa kiberiti tu." Sasa kila ngazi ina orodha ya wazee na watoto, na umeme ukikatika tunagongeana milango. Mimi nimepewa ghorofa ya tano na ya sita.

Sasa tuje kwetu. Umeniandikia kurasa mbili, yaya, na swali langu umelizunguka kama mtu anayezunguka mbwa. Umenieleza mpaka chokaa na mlango wa chumba kile. Basi mimi nitasema langu kwanza, ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mama mpaka anakufa.

Mimi pia nilikula maharage yale. Nilikula sahani mbili. Usiku ule sikulala nyumba kubwa, nililala na mama mdogo Dancille kitanda kimoja kwenye nyumba ndogo, kwa sababu niliogopa radi. Alinishika usiku kucha. Hakutoka. Asubuhi watu waliposema amewalisha karuho, mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nina miaka kumi, tumbo langu zima. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Nilimtazama akishuka mlima na kitenge kimoja begani. Aligeuka akanitazama, nikaangalia chini. Ninaosha wazee wa watu huku kwa mikono yangu, ninawavalisha soksi, na kila mmoja wao ana uso wa mama mdogo.

Kama kulikuwa na mbabula, na kama ni wewe uliyeiingiza, sikiliza. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na wadogo zako walikuwa wanatetemeka. Mimi nina hamsini na tano, nimepewa mafunzo ya kazi na cheti, na nilifanya kitu kile kile. Tofauti yetu ni kwamba mimi niligongewa mlango.

Neno langu kwa mkutano ni hili: mama mdogo arudi. Ni fupi na ni wazi kama ulivyotaka. Ukitaka lisome mbele ya watu, hutaki usilisome. Lakini mimi nitaendelea kukuandikia mpaka unijibu, na unajua mimi sichoki.

Mdogo wako anayekupenda,
Séraphine


Bukavu, 26 Mei 2024

Séraphine wangu,

Leo salamu zitakuwa fupi. Sote wazima.

Ilikuwepo. Ni mimi niliyeiingiza. Thierry alikuwa analia baridi, Arsène amejikunja. Niliwasha mbabula uani chini ya paa, nikangoja makaa yawe mekundu bila moshi, nikaiweka kati ya vitanda vyao. Nikaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Nilijiona mtu mzima. Kisha nikaenda kulala kwenye kibanda cha ng'ombe, kama kila siku. Alfajiri nilirudi kuichukua kabla baba hajafika, kwa sababu alikwisha kutukataza moto chumbani tusije tukaunguza nyumba. Niliwagusa. Walikuwa baridi. Nilichukua ile mbabula nikakimbia nayo kijitoni, nikamwaga majivu, nikaisugua. Walipokuja kuniuliza nilisema tu walikula kwa mama mdogo. Sikujua kwamba makaa yanaua hivyo, naapa sikujua, lakini nilijua kwamba ninaficha kitu. Watu waliyachukua maneno yangu wakayafanyia kazi, na mimi niliwaacha. Miaka arobaini na mitano nimekuwa wa kwanza kusema hapana kila jina lake lilipotajwa. Mtu mwenye haki hapigi kelele namna ile.

Mkutano ulikaa tarehe 18. Nilisimama nikasoma barua zako mbili, ile ya Januari na ile ya Aprili. Nilipofika kwenye mbabula yangu, karatasi haikuwa na kitu, ikabidi niseme mwenyewe. Sikusikia waliyosema, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kuwa kiziwi. Maombi ananiambia wengine walilia, na mzee mmoja alisema tuyaache yalale. Mimi nilichukua kofia yangu nikashuka Kadutu siku ile ile, na Maombi nyuma yangu akichechemea, hakutaka niende peke yangu.

Tulimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage. Ndiyo, maharage. Nilipiga magoti kwenye tope. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe hapa, bila kuacha kijito. Nilitazama midomo yake lakini sikuweza kuisoma, meno yamemwisha. Maombi akanirudishia maneno yake karibu na sikio la kulia, ambalo bado lina uhai kidogo. Ninakuandikia kama alivyoyasema:

"Nilikuonaka asubuhi ile ku kijito, unasugua mbabula. Ulikuwa unalia. Mama yenu alikuwa na bawili ba kuzika. Kama ningesema, baba yenu angemupa na wa tatu."

Alijua, Séraphine. Alishuka mlima ule anajua, na amekaa nalo miaka yote hiyo ili mimi niwe mtu mwenye mke, na shule, na cheti, na kiti cha mbele. Nilitaka kumwomba msamaha na badala yake nilichoweza kutamka ni asante. Nilisema asante mara nyingi mno, mpaka Maombi akanivuta shati.

Tumemleta Kabare Jumatano. Yuko kwenye nyumba kubwa, si pembe ya uwanja. Analala chumba chenye mlango mpya, na Maombi amempa mablanketi matatu, moto unabaki nje. Jana amekwenda kwenye makaburi ya watoto na jembe dogo, akang'oa majani peke yake, akakataa kusaidiwa.

Nilimuuliza akutumie neno gani huko kwenye baridi. Akasema nikuandikie kwamba hakuwahi kukukasirikia, ulikuwa mtoto. Na akasema asante kwa kuuliza kama kulikuwa na mbabula. Anasema watu wengi wamemwambia mambo mengi juu ya usiku ule, lakini wewe ndiye wa kwanza kuuliza.

Kaka yako,
Anastase